Habatizwi Mtu Mara Mbili: Njia ya Kijana Aliyebatizwa Kuelekea Meza ya Bwana



Juma lililopita tulijiwa ofisini na kijana wa miaka 16. Alibatizwa akiwa mtoto mchanga, lakini wazazi wake walihama mara kwa mara, na hatimaye wakaacha kusali. Hajapokea Komunyo ya Kwanza wala Kipaimara. Akatuuliza kwa sauti ya chini: "Padre, siwezi kubatizwa upya ili nianze mwanzo kama wengine?" Tukamjibu kwamba haiwezekani, na kwamba hiyo ni habari njema kwake. Kwa kuwa wenye hali kama yake si wachache katika jumuiya zetu, tumeona ni vema juma hili tuitazame historia ya Kanisa, maana swali hilo ni la kale kuliko tunavyodhani.

Mnamo miaka ya 255 na 256 Kanisa lilitikiswa na swali la namna hiyo. Waliobatizwa na wazushi, wakitaka kuingia katika Kanisa Katoliki, je, wabatizwe upya? Mtakatifu Sipriani, Askofu wa Karthago katika Afrika ya Kaskazini, alisema ndiyo, kwa kuwa aliona ubatizo wa wazushi si ubatizo. Papa Stefano wa Kwanza alishika desturi ya Roma: wawekewe mikono tu. Mwaka 314 Mtaguso wa Arles, katika nchi ya Ufaransa ya leo, uliamua kwamba aliyebatizwa kwa jina la Utatu Mtakatifu asibatizwe tena. Baadaye Mtakatifu Agostino alifafanua kwa mfano wa askari. Askari mtoro akirudi kikosini hapigwi chapa upya. Chapa ya mfalme wake angali nayo mwilini. Ndivyo ilivyo kwa kijana wetu. Alikuwa mbali, lakini alama ya Kristo haikufutika.

Kama ubatizo umekwisha kutolewa, kilichobaki ni nini? Agostino mwenyewe atusaidie. Mama yake, Mtakatifu Monika, alikuwa Mkristo, naye Agostino alipokuwa mtoto alitiwa ishara ya msalaba, lakini alibatizwa na Mtakatifu Ambrosi mjini Milano katika Mkesha wa Pasaka wa mwaka 387, akiwa na umri wa miaka 32. Zama zile mtu mzima alibatizwa, akatiwa muhuri wa Roho Mtakatifu na kushiriki Ekaristi katika adhimisho moja. Sakramenti hizo tatu ni kama mafiga matatu: chungu cha maisha ya Kikristo hakikai juu ya figa moja.

Je, zilitenganaje? Ubatizo wa watoto wachanga ulipoenea na majimbo yakapanuka, askofu hakuweza kuwapo kila mahali. Makanisa ya Mashariki yalimwachia padre ampake mtoto mafuta matakatifu papo hapo, na hufanya hivyo hata leo. Kanisa la Magharibi liliendelea kumngoja askofu, na hivyo Kipaimara kikachelewa. Mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterano uliagiza kwamba kila mwamini aliyefikia umri wa kupambanua aungame walau mara moja kwa mwaka na kupokea Komunyo wakati wa Pasaka. Hata hivyo, mahali pengi watoto walizuiwa hadi miaka 12, au 14 na kuendelea. Ndipo tarehe 8 Agosti 1910 Papa Pio wa Kumi akaagiza wasizuiwe tena; yatosha mtoto wa miaka kama saba autofautishe Mkate wa Ekaristi na mkate wa kawaida, na ajue mafumbo makuu ya imani kwa kadiri ya umri wake.

Historia ya kwetu nayo ina la kusema. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misioni ya Bagamoyo mwaka 1868. Mwaka huohuo Askofu Lavigerie alianzisha shirika la Wamisionari wa Afrika, na baadaye akawaagiza wamisionari wake wawaandae wakatekumeni kwa miaka minne. Walifika Uganda mwaka 1879, wakalazimika kuondoka mwaka 1882, na hawakurudi hadi 1885. Katika muda huo waamini walifundishana wao kwa wao. Denis Ssebuggwawo, kijana wa miaka kama 16, alibatizwa Novemba 1885. Miezi sita tu baadaye aliuawa, baada ya Kabaka Mwanga kugundua kwamba alikuwa akimfundisha dini kijana mwenzake. Basi kijana asidhani kwamba umri wake ni wa kusikiliza tu.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza njia ya ukatekumeni irudishwe, na utaratibu wake ukatolewa mwaka 1972. Ndani yake imo sura mahsusi kwa waliobatizwa utotoni lakini hawakufundishwa. Hao si wakatekumeni. Uongofu wao unajengwa juu ya ubatizo waliokwisha kuupokea.

Kwa hiyo hatua ni hizi. Kwanza, cheti cha ubatizo. Kikipotea, tutaiandikia parokia alikobatizwa, maana jina limeandikwa katika kitabu cha wabatizwa. Pili, mafundisho pamoja na katekista na vijana wa rika lake, ili asione haya kuketi na watoto wadogo. Tatu, Sakramenti ya Kitubio, kisha Komunyo ya Kwanza. Nne, Kipaimara, akiwa na msimamizi aliyekwisha kuimarishwa. Ikiwezekana awe yuleyule aliyemsimamia katika ubatizo. Na baada ya hapo, Misa ya Dominika, sala, kitubio na jumuiya. Sherehe ya siku moja haimfanyi mtu kuwa Mkatoliki anayeishi imani yake. Kurudi kila Dominika ndiko kunakomfanya.

Wazazi na wasimamizi, mliahidi mbele ya kisima cha ubatizo. Kama ahadi hiyo imelala, iamsheni leo, wala msingoje mtoto aje peke yake. Nanyi wanajumuiya, kijana huyu atakapoingia kanisani msimwulize alikuwa wapi. Msogezeeni nafasi kwenye benchi.

Kijana wetu alipoinuka kuondoka alisema: "Kumbe sijachelewa, Padre." La, hajachelewa. Kristo alimtia alama kabla yeye mwenyewe hajajua kutaja jina lake, naye angali anamngoja mezani.

Mungu awabariki nyote.

Paroko wenu