Juu ya Kuumika, Kuchanja na Sindano za Kichina

Katika nchi ya Uzigua, kama huko Sindeni kati ya Handeni na Korogwe, neno *sindano* lina maana mbili. Kwanza ni chombo cha mshonaji. Pili ni dawa ya hospitali itiwayo mwilini. Mtu akisema, "Nimepigwa sindano," hakuna amwulizaye kama ilikuwa na dawa ndani. Basi akisikia kwamba Wachina hutibu kwa sindano tupu, isiyotia kitu wala kutoa kitu, hushangaa, na pengine hudhani ni hila. Twaona ya kuwa neno ndilo limpotezalo. Maana jamaa ya sindano ya Kichina si sindano ya hospitali, bali ni pembe na wembe wa wazee.

Tuanze na pembe. *Kuumika* ni kuweka pembe juu ya mahali penye maumivu, kuvuta hewa kwa kinywa katika tundu la nchani, na kuliziba tundu hilo kwa nta. Ngozi huvimba ndani ya pembe. Kisha hutojwa kidogo, na pembe hurudishwa ili ivute damu. Mwenye kazi hiyo ni *muumishi*, na pembe yake ni *chuku*. Kupiga chuku ni pia kukuza habari kupita kiasi. Twadhani ni kwa sababu pembe hulifanya dogo kuwa kubwa.

*Kuchanja* ni kinyume chake: wembe hufungua chale ndogo, na dawa husuguliwa humo. Ndui ilipoanza kuzuiwa kwa chanjo, watu hawakutafuta neno jipya. Walisema *kuchanja*, nasi hata leo twasema hivyo.

Sasa twende China. Huko Mawangdui lilifunguliwa, mwaka 1973, kaburi lililofungwa mwaka 168 kabla ya kuzaliwa Kristo, na ndani yake mlikuwa na maandiko ya uganga. Humo imetajwa pembe ndogo ya kuvutia bawasiri. Imetajwa pia njia zipitazo mwilini, na jinsi ya kuzitibu kwa kuchoma ngozi; lakini sindano haikutajwa. Mafundisho ya sindano yamo katika kitabu kiitwacho *Huangdi Neijing*, kilichokusanywa baada ya hapo. Hicho chasema ya kuwa katika njia hizo hupita *qi*, iliyo kama pumzi na nguvu pamoja, nayo ikizuiliwa mtu huugua. Kazi ya sindano ni kuifungulia. Basi muumishi hutoa, mchanjaji hutia, na mwenye sindano huamsha kilichomo.

Tena, mwaka 1822 mfalme Daoguang aliuondoa uganga huo katika chuo chake cha matabibu. Haukupotea, kwa sababu ulikuwa umeandikwa, na hata sanamu ya shaba yenye alama za mahali pa kuchoma ilikuwa imefanywa mwaka 1027. Serikali iliyoshika nchi mwaka 1949 iliurudisha hospitalini. Tanganyika na Unguja zilipokwisha kuungana, matabibu wa Kichina walikuja bara mwaka 1968, na mwaka 1987 wajuzi wa dawa zao za asili walianza kazi Muhimbili.

Je, yafaa? Huko Ujerumani wagonjwa 1,162 wa mgongo walijaribiwa, na habari zao zikatolewa mwaka 2007. Waliochomwa mahali pa Kichina walipata nafuu 48 katika mia. Waliochomwa juu juu mahali pasipo pake, 44. Waliotibiwa kwa desturi ya hospitali, 27. Hivyo nafuu ipo, lakini ramani ya njia za *qi* haikuthibitika.

Pembe na wembe wetu havijapimwa hivyo. Hatari moja yajulikana sana: wembe uliopita kwa wengi huchukua ukimwi na homa ya ini. Lakini kuacha wembe mchafu si kuacha maarifa. Sheria ya mwaka 2002 imeutambua uganga wa asili. Haiwezi kuyatunza maneno yake. Muumishi akifa, hufa pamoja naye majina ya mahali pa kuweka pembe, na sababu zake. Kwa hiyo twawaomba wasomaji walio karibu na wazee wa namna hii wayaulize majina hayo na kuyaandika kama yasemwavyo, kwa Kizigua na kwa Kiswahili, bila kuyapiga chuku.