Somo la Abasa katika mitaa ya Langoni

Mtoto wa chuo akifika Sura ya Abasa, ulimi wake huitangulia akili. Anayumbayumba mkekani, anavuta mwisho wa aya, mwalimu anamrudisha alipokosea. Siku akifunguliwa maana ndipo anapotulia: Mtume (S.A.W.) alikuwa na wakubwa wa Makureshi, akaja kipofu, Abdullah bin Ummi Maktum, akitaka kufundishwa, Mtume akakunja uso. Wahyi ukashuka kumkumbusha kwamba aliyekuja mwenyewe kwa hamu ya kutakasika ndiye wa kupokelewa.

Mwishoni mwa karne ya 19, Lamu ililihitaji somo hilo. Elimu ya kina ya dini ilikaa zaidi kwa masharifu na wangwana wa nyumba za mawe kule Mkomani. Upande wa kusini, Langoni, kwenye vibanda vya makuti, waliishi wageni, maskini na watu wa asili ya utumwa. Walikuwa Waislamu, lakini darasani nafasi yao ilikuwa finyu.

Hapo ndipo alipoweka makazi sharifu kijana kutoka Ngazija, Swaleh bin Alawi Jamalilleil, ambaye mji ulimzoea kwa jina la Habib Swaleh. Nasaba ilimtosha kukaa barazani na wakubwa. Yeye akatandika mkeka wake kwa wanyonge: akawasomesha Qurani watumwa na watoto wao, na wagonjwa wao akawatibu kwa miti shamba. Wapo wakubwa waliochukia, na matari aliyoyaingiza katika maulidi yalizua ubishi miongoni mwa wanazuoni.

Lakini darasa liliendelea kujaa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Msikiti Riyadha ukasimama Langoni, na utumwa wenyewe ulifutwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907. Habib Swaleh alifariki mwaka 1935, Riyadha ikiwa tayari chuo cha kutoa walimu.

Mpaka leo, kila Mfungo Sita, wageni humiminika Lamu kwa maulidi. Kanzu hujipanga bega kwa bega, matari yakalia, na hakuna anayeuliza babu wa jirani yake alikuwa mtumwa wa nani. Hiyo ndiyo tabia njema aliyoifundisha Habib Swaleh: aliisoma katika Kitabu, kisha akasogea mkekani, akampa nafasi aliyekuwa amesimama nje.

Basi tukimsikia mwanetu akihifadhi Abasa, tutazame mlango wa chuo chetu. Yuko asiyeona, yuko asiye na ada, yuko asiye na ukoo wa kutajwa. Tumkaribishe.