Ziwa Kivu na damu ya mzamiaji: gesi inavyoyeyuka na inavyotoka

Kutoka ufukwe wa Gisenyi, magharibi mwa Rwanda, Ziwa Kivu huonekana tulivu. Hata hivyo, maji yake ya kina, hasa kuanzia takriban mita 260 kwenda chini, yamebeba gesi ambayo, ikipimwa katika mgandamizo wa juu ya ardhi, ingefikia takriban kilomita za ujazo 300 za hewa ya ukaa na 60 za methani. Gesi hiyo haimo kama viputo. Imeyeyuka, mithili ya sukari katika chai, na uzito wa maji yaliyo juu ndio unaoizuia kutoka.

Kanuni inayotawala hali hiyo ilielezwa na Mwingereza William Henry mwaka 1803: kadiri mgandamizo unavyoongezeka, ndivyo gesi inavyoyeyuka kwa wingi ndani ya kimiminika. Mgandamizo ukipungua, gesi hutoka. Kila afunguaye chupa ya soda huishuhudia.

Wakazi wa Gisenyi wanaifahamu kwa njia nyingine pia. Kuanzia mwaka 1963, methani iliyovunwa ziwani katika Rasi ya Rubona ilitumika kuwasha matanuri ya kiwanda cha bia cha Bralirwa. Bomba hupandisha maji ya kina, na kadiri yanavyokaribia juu, gesi hujitenga yenyewe. Mtambo wa umeme wa KivuWatt wa megawati 26, ulioko Karongi kusini zaidi, hutumia njia hiyohiyo.

Damu ya binadamu haina kanuni yake ya pekee. Mtu anapozamia huku akipumua hewa ya mtungi, kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo unaokaribia kuwa sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya bahari. Naitrojeni, ambayo ni takriban asilimia 78 ya hewa na ambayo mwili hauitumii, huyeyuka katika damu na kujikusanya katika tishu. Akipanda polepole, hutoka kupitia mapafu bila madhara. Akipanda kwa haraka, viputo hujitokeza ndani ya mishipa na viungo, na matokeo yake ni maumivu makali, ganzi, kupooza na hata kifo. Mfaransa Paul Bert ndiye aliyebainisha chanzo hicho mwaka 1878.

Kivu huongeza ugumu. Ziwa hilo liko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Anayetoka mita 30 baharini hurejea kwenye mgandamizo uliopungua mara nne. Anayetoka kina hichohicho Kivu, karibu mara nne na nusu. Majedwali ya uzamiaji ya Mombasa au Zanzibar hayafai hapa bila kurekebishwa.

Je, kiputo kilichokwisha kujitokeza huweza kuyeyuka tena? Ndiyo, na hapo ndipo tiba ilipo. Mgonjwa huingizwa katika chumba maalumu chenye mgandamizo unaolingana na kina cha mita 18, akapumua oksijeni tupu kwa saa kadhaa. Mgandamizo hukisinyaza kiputo. Kadiri kinavyokuwa kidogo, mkazo wa uso wake hubana zaidi gesi iliyo ndani na kuisukuma irudi katika damu. Oksijeni nayo ina kazi yake: kwa kuwa mapafu hayapokei naitrojeni mpya, ile iliyo mwilini hupata njia ya kutoka. Oksijeni haiachi shida kama hiyo, kwani tishu huitumia.

Ziwa halina chumba cha namna hiyo. Mwaka 1986, Ziwa Nyos nchini Cameroon lililipua hewa ya ukaa na kuua watu wapatao 1,700. Hofu hiyo ilifufuka Mei 2021, mlima Nyiragongo ulipolipuka na maelfu ya wakazi wa Goma kuvuka mpaka hadi Rubavu. Vipimo vya Kivu vinaonyesha kwamba maji yake ya kina bado hayajajaa gesi kiasi cha kuchemka yenyewe, na chumvi iliyomo huyafanya mazito, yasichanganyike kwa urahisi na ya juu.

Kwa sababu hiyo, mitambo inayovuna methani hulazimika kuyarudisha maji yaliyotumika katika kina kilichochaguliwa kwa uangalifu, ili matabaka hayo yasivurugwe.