Marufuku ya 1974 na Ufundi wa Gemu

Gemu si kitu kigeni Chimala, katika bonde la mpunga la Usangu. Ziko kwenye simu za vijana wa bodaboda wanaongoja abiria kando ya barabara kuu iendayo Mbeya. Ngeni ni kazi ya kuziandikia programu na kuzichorea wahusika, na hoja yangu ni kwamba ugeni huo haukutokana na uhaba wa vipaji, bali kwa sehemu kubwa na marufuku ya serikali. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania, ICT 1500, ilisimikwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mradi wa kutumia kompyuta kwenye hesabu za serikali ulikwenda kombo na kumeza fedha za kigeni, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku, isipokuwa kwa kibali. Wakati huo reli ya TAZARA ilikuwa imeshapita Usangu na kuvuka mpaka wa Zambia. Chuma kilifika hadi kwenye mashamba ya mpunga, kompyuta ikazuiwa bandarini. Marufuku hiyo haikuondolewa hadi miaka ya 1990.

Miaka hiyo ya katikati ndiyo iliyozaa mafundi kwingine. Uingereza, kompyuta ndogo ya ZX Spectrum ilitoka mwaka 1982 kwa bei iliyoanzia pauni 125. Watoto waliichomeka kwenye televisheni ya sebuleni, wakajifunza lugha ya programu ya BASIC, na baadhi yao wakaja kuishi kwa gemu. Mtu atasema mkulima wa Chimala asingeimudu. Kweli, asingeimudu, achilia mbali kwamba Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Lakini ufundi huu haukuhitaji kila nyumba. Shule moja na mwalimu mdadisi wangetosha kuuanza. Wala malighafi ya gemu haikukosekana. Bao la kiswahili lina mashimo 32 na kete 64: kila mchezaji huanza na kete sita kwenye shimo liitwalo nyumba, mbili na mbili kando yake, na 22 mkononi za kunamua, yaani kuingiza mchezoni moja moja. Hali yote ya mchezo inaandikika kwa namba 32 za mashimo, mbili za akiba na chache za kuonyesha zamu. Hata Spectrum ndogo kabisa ingezibeba bila kuhema.

Pingamizi zito linatoka Kenya. Huko hakukuwa na amri kama ile, na bado Adventures of Nyangi ya Wesley Kirinya, mojawapo ya gemu za mwanzo za 3D Afrika Mashariki, haikutoka hadi mwaka 2007. Nakubali kwamba marufuku peke yake haielezi kila kitu. Inachoeleza vizuri ni tofauti kati ya mchoraji na mwandishi wa programu. Mchoraji wa Tanzania alikuwa na ngazi ya kupanda: Chakubanga, mhusika wa katuni wa Christian Gregory, alichekesha wasomaji wa gazeti la Uhuru kwa kalamu na wino tu, na mkono uliozoea kalamu haupati taabu sana kuhamia kwenye skrini. Ndiyo maana shirika la Ubongo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, liliweza kurusha katuni za Ubongo Kids mwaka uliofuata. Mwandishi wa programu hakuachiwa ngazi yoyote. Simu iliyofika Chimala huipokea gemu ikiwa imeshapikwa. Kuiandika kunadai kompyuta na umeme wa saa nyingi, na kompyuta hiyo bado ni magunia mengi ya mpunga.