SAFARI YA DAMU, NA JINSI WATU WALIVYOIGUNDUA

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Mpanda na Mkoa wa Katavi

Leo somo letu ni la historia, lakini si historia ya vita wala ya wafalme. Ni historia ya damu iliyomo miilini mwetu.

Kabla ya kushika kalamu, kila mmoja aweke vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wake, upande wa kidole gumba. Tulieni kidogo. Mnasikia kitu kikidunda? Hayo ni mapigo ya moyo. Kwa mtu mzima aliyepumzika, moyo hupiga kama mara 70 kwa dakika, mchana na usiku. Moyo ni mnofu wenye ukubwa wa ngumi ya mwenyewe, nao kazi yake ni kusukuma damu.

Zamani watu walijua kwamba damu inatembea. Lakini inakwenda wapi? Galen, mganga Mgiriki aliyefanya kazi Roma katika karne ya 2, alifundisha kwamba damu hutengenezwa na ini, halafu hutoka kwenda mwilini na kuishia huko. Sisi wa Katavi twaweza kulielewa wazo hilo kwa kuutazama Mto Katuma. Maji yake huteremka, watu huyatega mashambani, yanayobaki hushika njia ya Ziwa Rukwa, na ziwa hilo halina mto wa kutokea. Maji hufika huko yakanyweka na jua. Galen aliidhani damu hivyo hivyo: huenda, hutumika, huisha. Waganga walimwamini kwa zaidi ya miaka 1,000.

Wa kwanza tunayemjua kumpinga kwa hoja katika jambo la njia ya damu moyoni ni Ibn al-Nafis, tabibu aliyezaliwa Damasko na kufanya kazi Cairo. Galen alikuwa amesema kwamba damu hupenya ukuta ulio katikati ya moyo, toka upande wa kulia hadi wa kushoto. Mwaka 1242 Ibn al-Nafis aliandika kwamba ukuta ule ni mnene, hauna tundu lolote. Damu ya upande wa kulia, alisema, huenda kwanza mapafuni, ikachanganyika na hewa, ndipo ikarudi moyoni upande wa kushoto. Alisema kweli, lakini waganga wengi hawakupata kuyasoma maneno yake.

Kisha mwaka 1628 mganga Mwingereza, William Harvey, alitoa kitabu kilichobadili elimu ya uganga. Harvey alifanya hesabu. Nasi tufanye hesabu kama yake, kwa vipimo vyetu. Moyo husukuma kama lita 5 kwa dakika moja. Kwa saa moja ni lita 300, yaani madebe 15 ya lita 20. Je, mtu aweza kula chakula cha kutosha kutengeneza madebe 15 ya damu kila saa? Haiwezekani. Na mwili mzima wa mtu mzima una damu kiasi cha lita 5 tu, robo ya debe. Basi lazima damu ile ile iwe inarudi. Haifanani na Katuma. Huzunguka na kurudi ilikotoka.

Hata hivyo palibaki swali moja. Damu hutoka moyoni kwa mishipa mikubwa inayodunda, na hurudi kwa mishipa mingine isiyodunda. Huvukaje toka hii hadi ile? Harvey alikufa mwaka 1657 bila kuiona njia yenyewe. Mwaka 1661 Marcello Malpighi, Mwitalia, alitazama pafu la chura kwa hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo, akaona vijishipa vyembamba mno vinavyounganisha pande mbili. Hapo duara likakamilika.

Labda mtu atauliza: Mambo ya Cairo na London yatuhusu nini sisi huku? Yatuhusu sana, kwa sababu ya mbung'o.

Mnajua wenyewe jinsi mbung'o wanavyouma katika misitu yetu ya miombo. Baadhi yao hubeba vijidudu vya malale. Mbung'o akikuuma mguuni, kijidudu hakibaki mguuni. Huingia katika damu, na damu, kama Harvey alivyoonyesha, haikai mahali pamoja. Huzunguka mwili mzima kwa muda wa kama dakika moja tu. Basi jeraha dogo la mguu huwa ugonjwa wa mwili wote: homa, kichwa kuuma, viungo kulegea.

Mwanzoni mwa karne ya 20 malale iliua watu wanaokadiriwa kupita 200,000 huko Uganda. Mwaka 1903, huko huko Entebbe, Aldo Castellani alitangaza kwamba ameviona vijidudu hivyo katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, naye David Bruce akaonyesha kwamba mbung'o ndiye mchukuzi. Mwaka 1910 waganga waliitambua aina nyingine iliyo kali zaidi, kwa mgonjwa aliyetoka bonde la Luangwa, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Aina hiyo kali ndiyo iliyotusumbua sisi wa magharibi ya Tanganyika. Wanyama wa porini hukaa nayo bila kuonekana wagonjwa.

Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wengi wa magharibi toka vijiji vilivyotawanyika msituni, ikawakusanya katika makazi makubwa yaliyofyekwa vichaka, ili mbung'o wakose mahali pa kujificha. Watu waliacha mashamba, mizinga ya nyuki na makaburi ya wazee wao. Maisha ya wengi yaliokolewa, lakini gharama yake ilikuwa kubwa. Nayo misitu iliyoachwa ikabaki mikononi mwa wanyama na mbung'o.

Dawa nayo ina historia yake. Toka miaka ya 1920 ilikuwako dawa ya sindano iitwayo suramini. Dawa hii huua vijidudu vilivyomo katika damu. Lakini vijishipa vya ubongo vina kuta zilizobana kuliko za mahali pengine, na suramini haiwezi kuzipenya vizuri. Vijidudu vikikawia mwilini hufika ubongoni. Hapo mgonjwa husinzia mchana, hukosa usingizi usiku, na akili huvurugika. Mwaka 1949 ilipatikana melasoproli, dawa inayofika ubongoni, lakini ina sumu ya aseniki, nayo iliua kama mgonjwa 1 katika kila 20 waliopewa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa kutumia dawa ya vidonge, feksinidazoli, kwa aina hii kali.

Sasa mtaelewa kwa nini ukienda zahanati ukasema kichwa kinauma, mganga hukuchoma kidole. Hakukosea mahali. Tone la kidole limepita moyoni, mapafuni na kichwani. Ni shahidi wa mwili mzima.

Siku hizi wagonjwa wa malale wamepungua sana, lakini mbung'o wangalipo. Anayekwenda kurina asali, kuchunga au kukata miti, akirudi na homa, asiseme ni malaria tu na kunywa dawa za dukani. Aende akapimwe damu, na amwambie mganga kwamba aliumwa na mbung'o. Aina yetu ya malale haina subira. Bila dawa huua kwa muda wa miezi tu. Anayewahi hutibiwa kijidudu kingali katika damu. Anayechelewa hukuta kimekwisha kuhamia ubongoni.

Maswali ya darasani
1. Ibn al-Nafis alimpinga Galen katika jambo gani?
2. Hesabuni: kama moyo husukuma lita 5 kwa dakika, ni madebe mangapi ya lita 20 kwa saa 2?
3. Kwa nini suramini haimfai mgonjwa aliyechelewa?
4. Waulizeni wazee wa kijiji chenu: je, kuna waliohamishwa kwa ajili ya malale? Andikeni habari zao.