Kutoka Gobore hadi Kodaiti: Bunduki ya Kuwindia Ndovu

Historia ya uwindaji wa wanyama wakali katika Afrika Mashariki husimuliwa mara nyingi kwa hesabu ya pembe na sifa za wawindaji, ilhali jambo lililoamua nani arudi kambini akiwa hai lilikuwa bunduki yenyewe na namna ilivyomkaa mwenyewe begani.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 uzito wa risasi ndio ulioaminiwa. Wawindaji wa Kinyamwezi na Kimakua walitumia gobore, yaani bunduki inayoshindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu, na kwa kuwa risasi yake ya duara ilipoteza nguvu upesi, iliwabidi wamsogelee ndovu karibu mno. Wazungu nao walibeba mitutu ya namba 4, namba inayomaanisha kwamba risasi nne za duara zenye upana wa mtutu huo zina uzito wa ratili moja, hivyo kila moja hukaribia gramu 113. Mwindaji Frederick Selous, aliyefika Afrika Kusini mwaka 1871 na kuuawa vitani Beho Beho, karibu na Rufiji, mwaka 1917, alizitumia bunduki za namna hiyo ujanani, na baadaye akalalamika kwamba mateke yake yalimharibia utulivu wa kulenga shabaha.

Mageuzi yaliletwa na kodaiti, baruti yenye umbo la nyuzi na moshi mchache, iliyobuniwa Uingereza mwaka 1889. Mwaka 1898 fundi bunduki John Rigby wa London alitoa bunduki ya kaliba (upana wa mtutu kwa inchi) .450, ambayo risasi yake ya gramu 31 tu ilitoka kwa kasi ya mita 655 hivi kwa sekunde na kupenya mahali ambapo bonge la risasi la zamani lilikwama. Mageuzi hayo hayakumfikia kila mtu, kwani Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia silaha za kisasa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, huku bunduki za gumegume zikiruhusiwa kwa masharti. Kwa hiyo mwindaji mwenyeji alibaki na gobore si kwa ujinga, kama ilivyodaiwa, bali kwa sheria.

Kodaiti ilikuwa na ila yake: joto la tropiki liliongeza shinikizo ndani ya mtutu, na ganda la risasi likaweza kunasa wakati mnyama anakuja. Ndiyo sababu risasi ya .416 Rigby ya mwaka 1911 ilipewa ganda kubwa, ili shinikizo libaki chini hata juani.

Ili bunduki imkae mwenyewe begani ilibidi ipimwe kwa mwili wake, na kwa kazi hiyo mafundi wa London walikuwa na bunduki maalumu yenye kitako kinachorefushwa, kufupishwa na kupindwa, ambayo mteja aliinyanyua mara kwa mara huku fundi akiandika vipimo: urefu kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako, kiasi ambacho kitako kimeshuka chini ya mstari wa shabaha, na mwelekeo wake kando ya shavu. Kitako kirefu hunasa nguoni, na kifupi huupiga uso kwa kidole gumba cha mpigaji mwenyewe. Kinachofaa hulileta jicho kwenye shabaha bila kutafuta, jambo lisilo na mbadala mbele ya nyati aliyejeruhiwa.

Mskoti W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20, aliua ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki nyepesi ya milimita 7, kwa kuwa alipasua mafuvu kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo. Waliomwiga kwa kaliba bila kuiga somo lake walijitafutia hatari, na mafanikio yake hayahalalishi bunduki ndogo mkononi mwa kila mtu.

Katika masimulizi ya uwindaji huo ni nadra kutajwa wabeba bunduki, ambao walishika silaha ya pili nyuma ya bwana na pengine walilazimika kuifyatua. Kitako cha silaha hiyo kilikuwa kimekatwa kwa kipimo cha bega la mtu mwingine.