Meno Mapya ya Staa Wetu: Kofia za Meno Zilianza Kitambo

Mmeiona ile "kabla na baada" ya yule msanii wa kike, jina tunamuachia mwenyewe. Juzi alikuwa na mwanya wake, leo meno yote meupe pee, yamepangwa kama vigae. Watu wanabishana: ni vinia au ni kofia? Tofauti ipo. Vinia inafunika upande wa mbele tu, kofia inafunika jino zima. Na hii ishu ni ya zamani kuliko Instagram, mbali sana.

Waetruski, waliokaa Italia ya leo kabla Roma haijapata nguvu, walikuwa wanafunga meno kwa mikanda ya dhahabu tangu karne ya 7 kabla ya Kristo hivi. Wavaaji wengi walikuwa wanawake wenye hela. Watafiti wengine wanaamini baadhi yao waling'olewa meno mazima ili dhahabu ipate pa kukaa. Umeona eeh?

Kofia ya kauri ikaletwa na Charles Land, daktari wa meno wa Detroit, Marekani, aliyeisajili mwaka 1889. (Mjukuu wake ni Charles Lindbergh, yule rubani aliyevuka Atlantiki peke yake mwaka 1927.) Lengo lilikuwa kuokoa jino lililoharibika. Shida, kauri ilikuwa inavunjika. Miaka ya 1950 na 1960 ndipo ikaunganishwa vizuri na metali, baadaye ikaja zirkonia, ngumu kweli kweli.

Sasa hapa ndipo patamu. Miaka ya 1930, mastaa wa Hollywood walikuwa na daktari wao, Charles Pincus. Aliwatengenezea vifuniko vyembamba vya kubandika kwa muda. Kamera ikizimwa, unavua, unaenda kula. Hata mtoto staa mwenye mapengo ya utoto alitoka kwenye filamu na meno kamili. Jino halikuguswa!

Siku hizi linaguswa. Ukivalishwa kofia unachomwa ganzi, jino linasagwa milimita 1 mpaka 2 kuzunguka, linachukuliwa kipimo, unapewa kofia ya muda. Usitafune bigijii nayo, itang'oka. Wiki moja au mbili baadaye unarudi, inajaribiwa rangi na uumaji, inagandishwa. Jino kushtuka na baridi siku chache ni kawaida. Ila ukihisi linagonga kabla ya mengine, rudi lirekebishwe, usivumilie. Na piga mswaki vizuri kwenye fizi, maana chini ya kofia jino bado linaoza.

Kwa jino lililovunjika au lililotibiwa mzizi, hiyo ni dili nzuri, linaokoka. Kasheshe ni meno mazima. Vijana kibao wa Uingereza wamepanda ndege kwenda Uturuki wakidhani wanawekewa vinia, kumbe wamesagwa meno yakabaki vijiti, wakavalishwa kofia. Kilichosagwa hakioti tena. Mshipa wa ndani unaweza kufa. Na kofia mara nyingi inadumu miaka 10 mpaka 15, kwa hiyo ukianza na miaka 22, piga hesabu utalipia mara ngapi mpaka uzeeni, kwa kila jino.

Staa wetu kaposti tabasamu tu. Alisagwa kiasi gani, hajasema.